Bolti ya Sita

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la akina Kipipa lilikuwa limeshajaa. Lilikuwa stesheni wagoni jeupe, refu nyuma, lenye umri mkubwa kuliko Kipipa mwenyewe. Baba, aliyekuwa fundi seremala, alitia ndani sanduku lake la misumeno. Mama aliwafunga mapacha kwenye viti vyao vidogo vya watoto katika kiti cha kati, na Bibi akajipenyeza katikati yao kama kitabu kwenye rafu iliyojaa. Mama aliketi mbele, pembeni mwa Baba. Kipipa na mdogo wake wa kiume hawakuwa na kiti. Walikaa kwenye buti, juu ya godoro lililokunjwa, kando ya sanduku la misumeno.

Kipipa alipewa jina hilo alipokuwa mtoto mchanga mnene. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na amekonda kama fito, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Mdogo wake wa miaka saba aliitwa Redio, na sababu yake ilijulikana na kila mtu aliyewahi kukaa naye dakika tano.

Asubuhi moja askari wa barabarani aliwasimamisha. Alifungua mlango wa nyuma, akawatazama wale wawili wakiwa wamekunja magoti, kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, hii ni mizigo au watoto?"

"Mimi ni mtoto," Redio alidakia. "Yeye ndiye mzigo."

Askari hakucheka. "Leo nakuonya tu, mzee. Nikiwakuta tena hapa bila mkanda, gari hili litalala kituoni. Ukifunga breki ghafla, hawa watafika barabarani kabla yako."

Jioni, mezani, Baba alikohoa kidogo. "Nitachonga benchi. Mbao ngumu, skrubu ndefu, kazi ya siku moja."

"Baba Kipipa," Mama alisema taratibu, "benchi lako ni zuri, lakini ni la sebuleni. Gari likigonga, hilo ndilo la kwanza litakalomwumiza mtoto. Niachie mimi."

Kazi ya Mama ilikuwa kuuza spea. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la vipuri kwa miaka tisa, na namba za vipuri zilikuwa kichwani mwake kama nyimbo. Kesho yake alirudi na karatasi aliyoinakili dukani, akafungua buti, akainua zulia.

"Njooni muone."

Chini ya zulia kulikuwa na vifuniko vidogo vya mpira mweusi. Mama alikibandua kimoja kwa ncha ya msumari. Ndani kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu mlikuwa na hesi, ile mistari inayozunguka ambayo bolti huifuata inapoingia. Iling'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana.

"Kiwandani bodi ni ileile," Mama alieleza. "Gari la watu watano na gari la watu saba yanatoka kwenye mashine moja. Letu lilinyimwa tu kiti cha tatu. Matundu yamekaa hapa miaka yote hii, na sisi tunakalia godoro."

Kipipa aliyahesabu. Manane. Alijisikia kama mtu aliyegundua chumba nyumbani kwao ambacho hakikuwahi kufunguliwa.

Benchi la kiwandani lilipatikana kwenye gari la aina hiyohiyo lililogongwa mbele, benchi lenyewe likiwa zima kabisa. Likikunjwa, lililala sawasawa na sakafu, kwa hiyo mbao za Baba zingeweza kupita juu yake. Lakini mikanda ya gari lile Mama aliikataa. "Mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali umemaliza kazi yake," alisema. Akaagiza mipya ya kiwandani, pamoja na bolti zake. Mzigo ulichukua wiki tatu kufika, na siku zote hizo Kipipa na Redio walikwenda shule kwa basi.

Ulifika wakati mzuri. Jumatatu, saa mbili asubuhi, Bibi alitakiwa kwa daktari wa macho katika mji mwingine, mwendo wa saa tatu. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miezi mitatu, na aliyeikosa alirudi mwisho wa foleni. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mzito, na la kulia lilikuwa limeshapofuka zamani. Siku hizi aliwatambua wajukuu wake kwa sauti. Familia nzima ingesafiri Jumapili mchana na kulala kwa shangazi.

Jumamosi Mama na Kipipa walianza kazi uani. Bolti zilikuwa nane: nne za benchi na nne za mikanda.

"Sheria ni moja," Mama alisema. "Mkono kwanza, spana baadaye. Bolti ikifuata hesi vizuri, vidole vinatosha kuiingiza. Ikigoma, itoe, isafishe, uanze upya. Usibishane nayo."

Bolti tano ziliingia kwa vidole vya Kipipa bila matata. Mara pacha mmoja akalia ndani kama aliyekanyagwa, na mwenzake akamuunga mkono.

"Endelea kwa vidole tu," Mama alisema akijifuta mikono. "Spana usiiguse mpaka nirudi."

Bolti ya sita ilikuwa ya mkanda wa kulia. Iligoma. Kipipa aliitoa, akairudisha, ikagoma tena. Redio alikuwa amening'inia mlangoni akitazama.

"Injinia wa mdomo!" alisema. "Tano tu umechoka? Mama akirudi atakuta hujamaliza."

"Nyamaza, Redio. Nenda ukacheze."

"Siendi. Nahesabu. Moja, mbili, tatu..."

Kipipa alichukua spana. Alipoona haina nguvu ya kutosha, akachomeka mpini wake ndani ya kipande cha bomba ili uwe mrefu, akavuta kwa mwili wote. Kitu kililia kwa sauti kali. Bolti ikaingia kwa shida, robo kwa robo, mpaka kichwa chake kikagusa chuma. Kisha kipande chembamba cha chuma kikaanguka zuliani, kimejikunja kama unywele.

Kipipa alijua. Alikuwa amemsikia Mama akiwaambia wateja mara nyingi: chuma kikitoka hivyo, hesi imeliwa, na bolti haishiki tena kwa uhakika. Alikiokota kile kipande na kukitia mfukoni. Kisha akaingiza bolti ya saba na ya nane, kwa vidole, vizuri kabisa, akakaa chini akisubiri.

Mama alirudi na spana ya kipimo, ile inayolia bolti ikifikia nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Alianza ya kwanza. *Ka!* Ya pili. *Ka!* Kila iliyopita aliitia nukta ya rangi nyeupe. Alipofika ya sita Kipipa alikigusa kile kipande mfukoni.

*Ka!*

"Safi," Mama alisema, akatia nukta.

Jioni Baba alilizunguka gari, akalikunja benchi na kulikunjua mara tatu, akampiga Kipipa begani. "Injinia wangu! Kwa kweli hata mimi nisingeweza."

Kipipa alitabasamu kwa meno tu.

Usiku ule alikata shauri. Upande wa kulia ataukalia yeye. Kama kosa ni lake, hatari nayo iwe yake, na hakuna haja ya kumsumbua mtu. Safari ikiisha, atasema. Akalala akijiona amelimaliza jambo.

Jumapili saa sita mchana mizigo ilikuwa ndani, na Bibi amekaa kati ya mapacha, leso yake jichoni. Kipipa alipofika nyuma, alimkuta Redio ameketi upande wa kulia.

"Sogea. Mimi ndiye nakaa hapo."

"Kwani pameandikwa jina lako? Huku kuna kidude cha kuwekea chupa."

"Redio, nakwambia sogea!" Akamvuta mkono.

"Mama! Dada ananionea!"

"Kipipa," Mama aliita kutoka mbele, "mwachie mdogo wako. Wakati wa kurudi mtabadilishana."

"Lakini Mama..."

"Nimeshasema."

Redio aliuvuta mkanda mpya kifuani, akaufunga, akaupapasa kwa fahari. Kipipa akakaa kushoto.

Baba hakuwahi kuondoka safari ndefu bila kuomba. Aliweka kiganja kwenye usukani, wote wakainamisha vichwa. "Ee Mungu, tunakushukuru kwa gari hili na kwa kila aliye ndani yake. Utulinde njiani. Umponye mama yetu jicho lake. Tufike salama, turudi salama."

"Amina," Mama na Bibi walisema. "Aminaaa!" Redio alimaliza, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kipipa alifungua mdomo, neno halikutoka. Walikuwa wamemwomba Mungu awalinde, na yeye peke yake alijua kuwa mkanda wa mdogo wake umeshikwa na bolti mbovu. Angesemaje "amina" huku ameficha? Akatazama ile nukta nyeupe karibu na goti la Redio. Nukta ilidanganya, na yeye ndiye aliyeifundisha.

Gari liliwaka. Likaanza kurudi nyuma kuelekea getini.

"Baba, zima gari!"

"Umesahau nini?"

"Sijasahau. Zima, Baba, tafadhali."

Injini ilinyamaza. Kipipa alipiga moyo konde, akatia mkono mfukoni, akanyoosha kiganja. Kile kipande kilikuwa palepale, kimejikunja.

"Bolti ya sita niliilazimisha kwa spana na bomba. Hesi imeliwa. Kipimo kimelia, lakini imeliwa. Ni ya mkanda wa Redio."

Redio akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ningeruka?"

Mama alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamfungua Redio mkanda na kumshusha kwa mikono yake mwenyewe. Akailegeza ile bolti. Ilitoka ikipiga kelele, mistari yake imelala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa. "Twende dukani tukatafute nyingine," alimwambia Kipipa.

"Ikipita saa tisa hatujatoka," Baba alisema, "safari hakuna. Barabara ile siiendeshi gizani na watoto."

Kipipa alimwinamia Bibi dirishani. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Bibi, nisamehe. Nimekuharibia safari yako."

Bibi alimpapasa uso kwa vidole kama alivyozoea siku hizi. "Mjukuu wangu, jicho limesubiri miezi mitatu, litasubiri tena saa mbili. Nenda na mama yako. Usisimame hapa kunililia, kuna kazi."

Mwenye duka la vipuri alikofanya kazi Mama aliishi nyuma ya duka lake. Aliwafungulia akiwa na fulana ya ndani, bado anatafuna. Mama alimwomba bolti moja ya mkanda na tapi, kifaa cha kurekebishia hesi. Mwenye duka alivuta droo tatu kabla hajaipata bolti.

"Imebaki hii tu. Nani ameila hesi?"

Mama alimgeukia Kipipa.

"Ni mimi," Kipipa alisema.

Mwenye duka alimtazama juu ya miwani. "Afadhali wewe. Mimi huletewa bolti zimelika na watu wazima, wanakula kiapo kwamba zilitoka kiwandani hivyohivyo."

Nyumbani Mama alilowesha tapi kwa oili, akaianzisha tunduni ikiwa imenyooka. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Vichuma vidogo vilitoka na oili nyeusi. Alimulika ndani kwa tochi, akapangusa, akamulika tena. Sehemu iliyoliwa ilikuwa ya juu tu. Huko ndani hesi ilikuwa nzima. Baba alitazama saa. Redio alimshikia Mama kopo la oili, bila kuhesabu chochote.

"Haya," Mama alisema, akampa Kipipa bolti mpya.

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine?"

Kipipa aliishika kwa vidole viwili. Aliizungusha kinyume kwanza mpaka akaisikia imekaa mahali pake, kisha mbele. Iliingia. Ikaingia tena, laini, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kichwa kikagusa chuma bila nguvu yoyote. Mama akaleta spana ya kipimo. *Ka!* Kisha akampa brashi ya rangi. "Tia nukta wewe."

Alipokuwa akifuta zana, Mama alisema, "Jana na mimi nilikosea. Nilisikia mlio nikaridhika, sikuuliza iliingiaje. Lakini sikiliza, mwanangu. Kipimo kinajua nguvu tu. Kilichotokea wakati wa kazi anakijua aliyeifanya. Ukikosea ukasema, kosa linarekebishwa kwa bolti moja na saa mbili za jua. Ukikosea ukaficha, mtu mwingine analikalia bila kujua. Na usidhani kulikalia wewe mwenyewe ni kulipa. Hata wewe ni mtoto wangu."

"Nimeelewa, Mama. Sitarudia."

"Hesi utaila tena siku moja, mafundi wote huila. Kuficha ndiko usirudie."

Ilikuwa saa nane na nusu walipoingia garini. Baba aliweka kiganja kwenye usukani.

"Tumeshaomba!" Redio alilalamika.

"Tutaomba tena," Baba alisema. "Mara ya kwanza hatukuwa tayari."

Sala ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Ilipokwisha, "amina" iliyosikika zaidi haikuwa ya Redio. Bibi aligeuza kichwa kuelekea kwenye buti.

"Hiyo sauti naijua," alisema, na gari likatoka getini.