Glasi ya Tatu

Stendi ilifurika watu asubuhi ile, na sanduku la zana la kijana mmoja likanasa gauni la binti aliyekuwa mbele yake. Gauni la zambarau, limebana kiuno, limetoka kwenye cherehani siku hiyohiyo. Pindo likachanika, kwaruu!

"Kaka, unalibeba hilo sanduku au linakubeba wewe?"

"Nisamehe, dada. Mimi fundi majokofu, nguo siziwezi. Nitakutafutia fundi."

"Fundi mwenyewe ndiye mimi!"

Wakacheka, na mabasi mawili yakawaacha wangali wakicheka. Toka hapo binti akamwita kijana Barafu, naye kijana akamwita Mshonaji.

Barafu alitengeneza majokofu ya baa moja yenye matawi katika kila mji unaopitiwa na mto: viti vyeupe vilevile, miavuli ya bluu ileile, hata muziki ni uleule. Alilala huko kwa majuma. Ila kila jioni alipiga simu.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Anakula nguo kutwa, mwenyewe yu uchi."

"Cherehani! Hebu nitegee vya watu wazima, mpenzi."

Mapenzi yakanoga. Tatizo ni kwamba nyuma ya sauti ya Barafu, mara kwa mara, kulikuwa na mwanamke akicheka.

"Nani huyo?"

"Mhudumu tu."

"Mhudumu tu! Mbona kicheko chake kimekaa karibu na sikio lako?"

Wivu ukamkaa Mshonaji kooni kama mwiba wa samaki. Akashona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Jumamosi akafunga duka, akavaa gauni lile la zambarau, akapanda basi kumfuata.

Barafu alimpokea kwa furaha, akampeleka kwenye meza ya ukingoni mwa baa, mto unapita chini ya sakafu ya mbao. Kabla hawajaagiza, mhudumu akaja: mrefu, aproni ya bluu, midomo imekolea rangi nyekundu. Akaweka bia mbele ya Barafu. Akaweka juisi ya nanasi mbele ya kiti cha pili, palepale alipokaa Mshonaji. Kisha akamtazama mgeni toka nywele hadi viatu.

"Na huyu je, kaka? Nimletee glasi ya tatu?"

"Ya tatu?" Mshonaji akageuka. "Hii ya pili ni ya nani?"

Barafu akapapasa mfuko wa simu. Mshonaji akachukua mkoba wake, akaenda zake mwisho wa baraza, akawapa mgongo. Macho yalimchoma. Moyoni alishasema: nikishuka ngazi hizi, sirudi tena kwa mtu huyu.

Simu ikaita mkobani. Barafu alikuwa bado mezani, simu kwenye spika kama kawaida yake. Ana kwa ana ulimi ulimwia mzito. Kwenye simu alikuwa simba.

"Kitendawili."

"Usinichezee!"

"Nakuomba, mpenzi."

"Haya, tega. Tega ukome."

"Ana kiti, hakikalii. Ana glasi, hainywi. Anacheka mezani kwangu, simwoni."

Mshonaji akageuka nusu.

"Ni wewe," Barafu akasema. "Meza hizi za ukingoni ni za watu wawili. Ukiwa peke yako wanakupeleka kaunta, na kule kwa muziki ule nisingekusikia. Kwa hiyo kila jioni nakuagizia na wewe."

"Uongo mtamu huo. Na glasi inamalizwa na nani? Simu?"

Mhudumu, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, akaangusha kitambaa.

"Mungu wangu, sauti hiyo! Wewe ndiye wa vitendawili!" Akamkimbilia. "Dada yangu, mimi nikadhani huyu kaleta mwanamke wa kukuibia! Nikasema leo namuumbua mbele ya watu. Kila anapokuja hapa niko upande wako!"

"Upande wangu, au kiti changu?"

Mhudumu akainamisha kichwa. "Na kiti pia. Akishakata simu nakaa kidogo, miguu inaniuma."

"Na juisi?"

"Na juisi, dada."

"Na vitendawili unavichekea."

"Vile vizuri tu."

Mshonaji alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akarudi mezani.

"Ungeniuliza tu, mpenzi," Barafu akanong'ona.

"Nikuulize nini? Eti nimesikia una mwanamke, naye ni mimi?"

Akavuta kiti, akakikalia barabara, kama mtu anayerudishiwa chake. Akaibeba juisi ya nanasi, akainywa yote bila kupumua, macho kwa mhudumu.

"Barafu."

"Naam, kipenzi."

"Mimi kunywewa juisi nimechoka. Jumapili nenda kwa mjomba wangu ukapose, useme kile kinachokukaa kooni."

Uso wa Barafu ukang'aa. "Nitakwenda! Wallahi nilishajiandaa. Hata shati la kwendea ninalo, jipya, limeshonwa likanikaa sawasawa."

Mshonaji akaishusha glasi polepole.

"Shati? Kakushonea nani?"