Hekalu la Babu Shekiondo

Ilianza na harufu. Harufu ya beberu aliyenyeshewa, ndani ya chumba cha kompyuta pale Soni, mahali ambapo hata kuku hajawahi kuingia. Jafari, mwenye chumba, akalaumu soksi za wateja. Ni mvivu wa kuoga, wote tunamjua, lakini siku hiyo mteja hata mmoja hakuwa ameingia.

Alikuwa akicheza gemu yake ya vita vya miungu. Unajenga mji, wakulima wako wanakata miti na kusali hekaluni, na sala zikitosha unaletewa majitu ya kukupigania. Tobia wa Arusha alikuwa akimchapa humo mtandaoni kama ngoma. Jafari akajaribu kumvamia mapema, kabla hajajenga ukuta: akachapwa. Akamzibia mgodi wa dhahabu: akachapwa. Ndipo akafanya la kwake, hekalu lake akaliandika jina la Shekiondo.

Sasa Shekiondo ni babu mzaa babu yake, mghanga, yaani mganga wa Kisambaa, aliyetuma nyuki wapigane vita, ndivyo wasemavyo. Kwao hakuna anayemwita kwenye shida bila fika, tambiko la mizimu: mbuzi achinjwe, pombe ya miwa imwagwe kaburini. Jafari hakumwaga hata maji. Akamshinda Tobia, akamshinda tena, akawa anatembea sokoni kifua mbele kama diwani.

Nyumbani, mtoto wao Rahma akaacha kunyonya.

"Zahanati wanasema hana ugonjwa," mkewe Zainabu alinong'ona. "Lakini Baba Rahma, kuna mtu anakohoa chini ya kitanda."

"Panya hao."

"Panya anakohoa kama mzee wa tumbaku?"

Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na Jafari akaona kwenye kioo wakulima wake wameacha mashoka na kujipanga mbele ya hekalu, akawabonyeza warudi kazini wasirudi, wakaingia mmoja mmoja wasitoke, na kwa kila aliyeingia ile harufu ilizidi kumkaba koo, mpaka simu ikalia, Zainabu analia kwamba miguu ya mtoto inapoa na hapo kitandani pamebonyea kama pamekaliwa na mtu.

Jafari akakimbilia kwa shangazi yake Sabra, mghanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mjinga wewe! Umemwita mzee vitani na njaa yake. Atakula atakachokikuta."

"Nifanye nini?"

"Mlishe. Halafu ukubali kushindwa, ajue vita vimeisha."

Mbuzi akachinjwa, pombe ikamwagwa. Jafari, tope la kaburini bado mikononi, akafuta lile jina na kujisalimisha kwa Tobia. Zainabu akapiga simu anacheka na kulia: Rahma ananyonya mpaka anapaliwa.

Kabla hajakaa, Tobia naye akapiga.

"Mbona umejisalimisha kirahisi, Msambaa? Umegundua nimekuibia mbinu? Nililiona jina la hekalu lako, na langu nimeliandika hivyohivyo. Tangu asubuhi nashinda tu!"

"Tobia, lifute. Sasa hivi."

"Wivu huo! Hebu subiri, mke wangu ananiita." Sauti ikashuka. "Jafari, kuna mzee kaingia jikoni bila hodi. Anaongea Kisambaa. Umemtuma wewe?"

"Usimwache ndani! Mkeo yuko wapi?"

"Yuko naye. Anasema mzee hataki ugali. Anaulizia mtoto amelala chumba gani."