Mvua Niliyoisikia Juu ya Bati

Kila siku isipokuwa Jumapili, saa tatu asubuhi, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita huenda kusoma kipima mvua cha shule yetu hapa Runzewe. Ni kopo refu lililofungwa kwenye nguzo uwanjani, na ndani yake mna chupa nyembamba yenye alama za milimita. Unaangalia maji yamefika wapi, unaandika, unamwaga. Kisha Mwalimu Selestine anaituma namba hiyo kwa simu kwenye kundi la wakulima. Jumamosi zilikuwa zamu yangu, nami nilijiona mtu mkubwa kwelikweli.

Jumamosi moja ya Novemba, asubuhi na mapema, mvua ilipiga bati la nyumba yetu hata ikabidi tusemeshane kwa kupiga kelele. Ilipokatika, njia ilikuwa tope tupu. Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa, na blanketi lilikuwa na joto lake. Nikasema moyoni, mvua kama hii haipungui milimita thelathini. Ili namba isionekane ya kubuni, nikaongeza nne. Nikaazima simu ya mama, nikaandika: "Shikamoo Mwalimu. Leo 34. Noela." Nikalala tena.

Jumatatu Denis, kiongozi wetu wa zamu, alisoma milimita tatu. Nikashtuka. Jumapili haikunyesha, na mimi sikuwa nimemwaga kitu. Kumbe zile tatu ndizo zilizokuwa mvua yote ya Jumamosi pale shuleni! Nyingine iliishia mtaani kwetu. Nilitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nikajidanganya kwamba itanyesha tu, nani atajua?

Haikunyesha. Jua liliwaka siku kumi mfululizo, na kila nilipolitazama lile kopo nilihisi linanitazama. Siku ya kumi na moja akaja Mama Kudra, ambaye shamba lake liko nyuma ya shule.

"Mwalimu, hicho chombo chenu kimeharibika," alisema. "Mimi nilikuwa Geita namuuguza mama yangu. Nikaona ujumbe wenu, thelathini na nne, nikarudi mbio. Jumapili nikapanda karanga zangu zote. Juu udongo ulikuwa umelowa. Miaka yote huwa nafukua kwa mkono nione unyevu umeishia wapi. Safari hii nikasema, ya nini, si wamepima?"

Akafungua pindo la kanga. Mlikuwa na karanga zilizovimba kidogo, kisha zikakauka.

"Debe zima liko hivi. Sina mbegu nyingine."

Mwalimu Selestine alimgeukia Denis. "Wewe ndiye kiongozi wa zamu. Nani anachezea kipimo? Basi leo tunaking'oa, kabla hakijamwumiza mwingine."

Denis aliinamisha kichwa. Hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyemtia hasara mama wa watu, na sasa rafiki yangu alikuwa anabeba lawama yangu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Mwalimu, hakijaharibika," nilisema. "Ni mimi. Ile Jumamosi sikuja. Niliandika mvua niliyoisikia juu ya bati nyumbani."

Hakuna aliyenigombeza. Mama Kudra alizifunga tena karanga kwenye pindo la kanga.

"Ng'wanone," alisema taratibu, "mwanangu, ungesema hata ile Jumatatu, ningezifukua."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Niliomba radhi kwake, nikamwomba radhi na Denis, huku nalia.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Aliingia ndani na kupima nusu debe ya mbegu zetu za karanga.

"Na shamba letu, mama?"

"Mwaka huu letu litakuwa dogo. Wewe ndiye utakayezipeleka."

Mwalimu naye alituma ujumbe kwa wakulima kusahihisha ile namba. Jumamosi, baada ya kupima, tulikwenda pamoja kwa Mama Kudra. Njiani Mwalimu aliniambia: "Noela, mvua za mwanzo wa msimu hunyesha vipande vipande. Wingu moja hulowesha mtaa huu na kuuruka ule. Ndiyo maana tunapima, hatusikilizi bati. Siku ukishindwa kwenda, andika 'sijapima'. Hiyo si aibu, na haimdhuru mtu. Lakini namba ya uongo inaharibu shamba la mwenzako, kwa sababu yeye ameiamini."

Mama Kudra alipokea mfuko wa mbegu kwa mikono miwili. Nikasubiri aniambie niondoke.

"Leo umepima?" aliniuliza.

"Nimepima, mama. Milimita sifuri."

"Umekwenda mwenyewe?"

"Nimekwenda mwenyewe."

Akaufunga mfuko vizuri, akauweka ndani.

"Haya," alisema. "Basi leo sipandi."