Bastola ya Fundi Kufuli

Uliisikia sauti ya mwanamke yule, usinidanganye. Jioni ile wanaume wawili walimsukumia ndani ya duka lake, wakateremsha mlango wa chuma, na yeye akapiga kelele mpaka koo likamchanika. Wewe uliongeza sauti ya redio. Jirani wa kushoto alizima taa. Wa kulia alivuta pazia, akachungulia, kisha akakumbuka kwamba ana watoto. Wakampora, wakampiga, wakaenda zao wakitembea, hata hawakukimbia. Na asubuhi yake mkapanga foleni dukani kwake. Hamkwenda kumpa pole. Mlikwenda kuagiza kufuli kubwa zaidi.

Aliwauzia. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli, naye alizifunga zote, mlango kwa mlango, mdomo ukiwa umevimba. Alipomaliza mlango wa mwisho alinawa mikono, akaenda kuomba leseni ya bastola.

Kaa basi usikie mapenzi yalivyomkuta, maana yalimkuta hukohuko kwenye ofisi ya leseni. Watu walijaa mpaka mlangoni: walinzi, wenye maduka, mzee mmoja na gobore lake kaliviringisha kwenye gunia. Fundi Kufuli alivaa gauni la kijani kibichi na mkanda mpana wa ngozi, funguo zikining'inia kiunoni. Tone la maji likamdondokea begani. La pili likafuata.

"Wewe uliye juu," alisema bila kuinua kichwa, "unanimwagia."

"Samahani, dada. Kiyoyozi hiki kinalia tangu asubuhi. Nakibembeleza."

"Kibembeleze kikamlilie mwingine."

Fundi wa viyoyozi akateremka ngazi, ovaroli ya bluu, mikono inanuka mafuta na sabuni. "Na bibie kama wewe unataka bunduki ya nini? Macho hayo hayatoshi kuua?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. "Yaliwahi kuwatazama wawili. Hawakufa."

Yule bwana hakujitetea. Alichomoa kitambaa mfukoni, akafuta benchi lililolowa, kisha akaketi sakafuni karibu na miguu yake. "Basi nisamehe mara mbili. Moja ya maji, moja ya mdomo."

Hapo ndipo penzi lilipoingia, kama mwizi wa mchana. Yeye akamwita Barafu. Barafu akamwita Komeo. Simu zikawa hazilali.

"Komeo wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako."

"Utakonda."

Mwishowe Komeo alimpa Barafu kitu ambacho hajawahi kumpa kiumbe: ufunguo wa akiba wa sefu alilolitengeneza mwenyewe, ilimolala bastola. "Siku nikishindwa kuifikia," alimwambia, "uifikie wewe."

Kisha Barafu akapata kazi kisiwani, kwenye kiwanda cha barafu, akaja dukani meno yote nje.

"Nyumba ina vyumba viwili na baraza pana, mpenzi. Duka lako litakaa mbele. Upepo wa bahari mchana kutwa, hutahitaji kiyoyozi."

"Basi utakufa njaa."

"Barafu hafi njaa kwenye barafu. Na sikia, huko hakuna bunduki. Sheria yao haina mchezo, raia haruhusiwi hata risasi moja. Ukishuka gatini unaikabidhi. Ukikutwa nayo unaozea ndani."

Komeo akaweka mezani tupa ya kusugulia funguo. "Na mtu akinivamia?"

"Huko hakuna wavamizi."

"Nani kakwambia? Wale hawakuja na bunduki, Barafu. Walikuja na ngumi zao, wakasaidiwa na majirani walionyamaza. Sheria gani inapiga marufuku ngumi?"

"Ina maana unapenda chuma kuliko mimi."

"Chuma hakijawahi kuzima taa nikiita."

Shangazi yake aliyemlea naye akapiga simu. "Mwanangu, bastola haikuletei maji ukiugua. Nenda na mwenzio."

"Shangazi, ile jioni ulikuwa na simu mkononi?"

"Nilikuwa mbali, mama."

"Majirani walikuwa karibu. Sasa niambie mbali na karibu vinatofautiana nini."

Mapenzi yakikosa subira hufanya ujinga na kuuita zawadi. Mchana mmoja, Fundi Kufuli akiwa shuleni anabadilisha vitasa, Barafu alifungua sefu, akaificha bastola kati ya spana kwenye mfuko wake wa kazi, akaipeleka kituo cha polisi kuisalimisha. Alidhani mpenzi wake akirudi atakuta uamuzi umeshaiva, aule tu. Alisahau kwamba leseni ina jina, na jina si lake. Polisi walimkalisha kwenye benchi kama mwizi wa kuku, wakamwita mwenye silaha.

Alifika na vumbi la shaba kwenye nywele.

"Mama, silaha hii ni yako?" askari aliuliza.

"Ni yangu."

"Na huyu?"

Alimtazama Barafu. "Huyo simjui. Aliyekuwa wangu nilimpa ufunguo."

"Basi tufungue kesi ya wizi?"

"Msifungue. Ufunguo nilitoa mwenyewe kwa mkono wangu."

Alirudi na bastola yake, na kabla jua halijazama sefu lilikuwa na kitasa kipya. Barafu akavuka kwenda kisiwani peke yake.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga mpaka mama mwenye nyumba wake akamwambia sasa atampigia mwenyewe huyo mwanamke. Ikapokelewa.

"Usikate, Komeo. Nilidhani naondoa bunduki, kumbe naondoa neno lako."

"Maneno hayo umefunzwa na nani?"

"Na benchi la polisi."

Alikaribia kucheka, akajizuia. "Nijibu moja tu. Mwanamke akipiga kelele huko, nani anatoka?"

Upepo ulisikika kwenye simu. "Sijui. Niliuliza maji, nikauliza umeme. Hilo sikuuliza."

"Ungeweza hata kunidanganya."

"Nimeacha kukuamulia."

"Nakuja kupaona. Usinipokee, na usimwambie mtu."

Gatini alimkabidhi askari wa kike bastola yake, akapewa stakabadhi.

"Unarudi lini, dada?"

"Pakinishinda, leo hii."

Alivaa gauni la rangi ya chungwa, kiatu cha chini cha mtu aliye tayari kukimbia. Mkoba ulikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimtia baridi mgongoni kama aliyesahau nguo. Akaifuata njia aliyoelekezwa mpaka kwenye uchochoro wa ile nyumba ya vyumba viwili. Jua la mchana lilikuwa kali, milango yote imefungwa. Kila mahali milango hufanana ikiwa imefungwa.

Akasimama katikati, akaweka mkoba chini, akapiga kelele. Aliipiga ileile ya jioni ile, tangu tumboni, bila aibu, mpaka ikamwishia.

Mlango wa kwanza ulifunguka kabla hajavuta pumzi. Mwanamke mnene akatoka na unga mpaka viwikoni, mti wa kusukumia chapati mkononi. Mwanamume mwenye povu nusu ya uso akatoka na wembe. Dada wawili wazee wakatoka wameshika fimbo moja, huku na huku. Na kutoka upande wa kiwandani, Barafu, kiatu mguu mmoja, spana juu.

"Yuko wapi?" mwanamke wa unga alimshika mabega. "Kakimbilia wapi? Sema, mwanangu."

"Hayupo. Hakuna mtu. Nilikuwa napima."

Mwenye povu akajigusa shavu, akaona damu. "Unapima? Nimejikata, bibi wewe. Ungepima siku ninayonyolewa na kinyozi."

"Mwache," mwanamke wa unga alisema. "Anayepima kitu hiki amewahi kupunjwa. Ila usirudie, mwanangu, siku ya kweli tutadhani unapima."

Akalia hapo, mbele ya wageni, machozi aliyoyanyima mtaa wake wote. Alipofuta uso aliona mlango mmoja wa bluu bado umefungwa.

"Yule ni nani?"

"Yule hatoki," walisema wazee kwa pamoja. "Tunamsema kila siku."

"Nitaanza na yeye."

Barafu alikuwa bado anahema. "Komeo, nilijua wamekuua."

"Ungefanya nini na spana?"

"Sijui. Nilikuja tu."

"Basi nioe."

"Hivihivi? Mbele za watu?"

"Mashahidi wametoka wenyewe. Na bastola nitaisalimisha mimi, kwa mkono wangu, nikimwambia afande sababu. Sheria yao hainitishi. Peke yake isingeufungua mlango wa duka langu jioni ile. Nimepata pa kuita, basi."

Mwenye povu akauliza kama sasa anaweza kwenda kumalizia shavu la pili.

Ndivyo alivyohama. Na wewe usinisambazie uvumi kwamba alifuata mwanamume, au upepo wa bahari. Mlimhamisha ninyi. Mlimpa silaha siku mliyomnyima miguu yenu, kisha mkamsema mtaani kwamba mwanamke mwenye bastola ana moyo mgumu.

Yeye ameshaondoka. Lakini nyumba ya pili kutoka kwako kuna mwingine anayepiga kelele, na unajua, maana sauti yake unaitambua hata ikipitia ukutani. Usiniambie utafikiria. Weka chini ukurasa huu, usitafute viatu, nenda ukamgongee. Sasa hivi.