Kikombe cha Manju

Kila asubuhi kabla ya shule, Milembe aliteka maji kwenye lambo, pale pale walipokunywa ng'ombe. Akirudi na ndoo kichwani aliipita pampu ya kijiji bila kuitazama. Pampu ile ilikuwa imekufa tangu msimu wa pamba uliopita.

Jamani, na pampu hiyo ndiyo iliyompa baba yake udiwani! Bujiku alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo za kundi la ngoma la Wagika, na akianza kuimba hata wagonjwa walitoka nje. Aliimba kwamba ataleta maji safi. Watu wakampa kura, na maji yakaja kweli. Pampu ilipoharibika, hakuiambia halmashauri. Aliogopa kwamba manju wa Wagalu, mahasimu wake, angemtungia wimbo wa kumcheka kwenye mashindano ya mavuno. Basi akanyamaza, naye mwenyewe akawa anakunywa maji ya chupa kutoka Bariadi.

Kisha homa ya matumbo ikamuua Joyness, aliyekaa dawati moja na Milembe. Milembe alilia hadi sauti ikamkauka. Hata matanga hayajaisha vizuri, baba akamweleza kuwa anakuja mgeni kutoka wilayani, anayekusanya taarifa za pampu mbovu. Kundi litamwimbia kwamba yao inatiririka, naye atakula aende zake. Kazi ya Milembe ni ile ile, kumpa baba kikombe cha maji kila ubeti unapoisha.

"Baba, lakini Joyness..."

"Hayo ni mapenzi ya Mungu," Bujiku alimkata, akatazama pembeni.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Ubeti wa kwanza ukaisha, vigelegele vikapigwa. Bujiku akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama kawaida yake. Milembe akampa kikombe cheupe kilichojaa maji ya lambo, hayakuchujwa wala kuchemshwa. Manju akakifikisha mdomoni, akasikia harufu ya mkojo wa ng'ombe, akakishusha. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Klementina, mama yake Joyness, alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Kunywa, manju," alisema taratibu. "Mwanangu aliyanywa."

Bujiku hakunywa. Alikiweka kikombe chini. Mwishowe akamgeukia mgeni. "Pampu yetu ni mbovu, karibu mwaka sasa. Nilificha kwa kuogopa kuchekwa."

Hazikupita wiki mbili, mafundi wakaitengeneza. Wagalu nao walimwimba kweli kweli kwenye mashindano, naye akakaa akausikiliza wimbo wao mpaka mwisho.

Pale pampuni Milembe aliona haya kumsalimu Klementina. Mama huyo alimwita mwenyewe, akamtwisha ndoo.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alimwambia. "Ya Joyness imekuwa fupi zaidi. Ukiona jambo limeharibika, mwanangu, liseme siku hiyo hiyo. Watakucheka, waache wacheke. Kicheko hakijamuua mtu."