Mluzi wa Saa ya Usingizi

Mluzi ulilia mara mbili, na Zunilda alikuwa amerekodi mmoja tu.

Akabonyeza tena. Ukurasa wa blogu yake ukafunguka, mluzi wake ukalia, kisha, kabla sauti ya kusoma haijaanza, mwingine ukajibu. Huo ulikuwa laini zaidi, wa mbali kidogo, kama umetokea nyuma ya michungwa. Zunilda akajiambia ni hitilafu tu, akanywa fundo la tereré, chai ya majani ya maji ya barafu, na kuendelea na kazi.

Blogu hiyo ilikuwa ya hadithi na dawa za majani za Piribebuy, mji wake mdogo, na wasomaji wake wengi walikuwa kina mama waliohamia Buenos Aires na Hispania kufanya kazi za ndani. Walimlilia kila siku: dada yetu, macho yamechoka na mikono imo kwenye maji ya vyombo, tuwekee kitu cha kutusomea. Basi akatafuta programu-jalizi, vile vijiprogramu unavyopachika kwenye blogu ili ifanye jambo isilolijua. Ya kwanza ilijaa matangazo ya dawa za kupunguza unene. Ya pili ilisoma Kiguarani, lugha ya kwao, kama Mjerumani mlevi. Nyingine iliifanya blogu nzima itambae. Zunilda naye si mtu wa kushindwa na mashine. Akaunda ya kwake. Ilisoma kwa sauti yake mwenyewe, na kabla ya kuanza ilipiga mluzi, ili aliyeko jikoni atege sikio.

Sasa sikia kosa lake. Kazi hiyo aliifanya saa ya usingizi wa mchana, jua la utosi, mji mzima umelala na mtandao una kasi. Na mluzi akaupiga saa hiyo hiyo. Jamani! Hata mwendawazimu wa Piribebuy hapigi mluzi saa ile, maana ndiyo saa ya Jasy Jatere, jini mdogo mwenye nywele za rangi ya mahindi, anayepita nyuma ya nyumba akipiga mluzi kuwatafuta watoto wasiolala. Ukimsikia, unanyamaza. Ukimjibu, umemkaribisha. Zunilda aliyajua hayo tangu akiwa mgongoni. Lakini alijiona hamwiti mtu, anapigia kinasa sauti tu.

"Nani anapiga mluzi?" Mama yake, Bi Blasida, alikuwa amesimama mlangoni, nywele timtim.

"Mashine, mama. Ni ya blogu. Rudi ukalale."

"Mimi ndiye niliyekuzaa, usinifanye mjinga. Wa kwanza ni wako, naujua. Wa pili ni wa nani?"

Zunilda alitaka kucheka, kisha akageuza kichwa. Katika chumba cha pili, Yeruti, binti yake wa miaka minne, alikuwa akiongea. Hilo peke yake halikuwa ajabu, kwani Yeruti alikuwa kasuku. Aliongea na kuku, aliongea na supu, aliongea hata usingizini, na sauti yake ndiyo iliyokuwa furaha ya nyumba ile tangu baba yake afariki. Lakini sasa alikuwa akinyamaza kidogo kati ya maneno, kama anayesikiliza.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Zunilda aliuliza kwa kunong'ona.

"Na mwenye nywele za njano. Yuko dirishani. Anasema wewe ndiye uliyemwita."

Dirishani hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya asali ya mwituni, nzito, ya kutia kichefuchefu. Zunilda akamnyakua mtoto, akamsukumia mikononi mwa bibi yake. "Mshike, mama. Usimwachie!"

Akakimbilia kompyuta, na nje mluzi ukalia, karibu sasa, chini ya dirisha hasa, na kompyuta, bila mkono wa mtu kuigusa, ikaujibu kwa mluzi wake yeye Zunilda, na wa nje ukajibu tena, na kompyuta ikajibu, vikipokezana kama watu waliozoeana, naye akachomoa waya na bado ikajibu, akaifunga na bado ikajibu, akaikumbatia kifuani na kuibana kwa kitambaa cha meza huku jasho likimtiririka na harufu ya asali ikimjaa mdomoni, mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza.

Aliporudi chumbani, Bi Blasida alikuwa amelala akiwa ameketi, amekumbatia mto wa kulalia badala ya mtoto.

Walimpata Yeruti kijitoni jua lilipoanza kupoa. Alikuwa amezungushiwa mimea inayotambaa mwili mzima, midomo inanata asali. Alikuwa anacheka. Kicheko hakikuwa na sauti.

Bi Rufina, mganga wa majani, alimfukiza kwa makuti yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi. Akamkagua koo, akatikisa kichwa.

"Mwili tumeupata," alisema chinichini. "Sauti ameondoka nayo. Futa hicho kitu chako, Zunilda. Leo hii."

"Nikifuta, sauti itarudi?"

"Mlango utafungwa. Kama sauti itabaki ndani au nje, sijui, nisikudanganye. Ila usipoufunga, atapitia humo humo kwenda kwa watoto wa wenzio."

Mganga alipoondoka, Zunilda akafungua blogu. Mluzi ukalia. Kisha sauti ikaanza kusoma dawa ya kikohozi, na haikuwa yake. Ilikuwa ya Yeruti, na furaha yake ile ile, mtoto asiyejua hata herufi moja. Sakafuni, Yeruti mwenyewe aliinua uso na kusikiliza, midomo imefungwa. Zunilda akalia kwa uchungu mpaka meza ikalowa.

Chini ya ukurasa palikuwa na maoni mapya, ya mama mmoja wa Encarnación: "Dada, hongera, binti anasoma vizuri! Mjukuu wangu anaupenda mno huo mluzi. Leo mchana amekataa kulala kabisa, amekaa dirishani anaujibu."

Zunilda akayasoma mara mbili. Akaupeleka mshale kwenye kitufe cha kufuta programu-jalizi, akaushikilia hapo.

"Mama," kompyuta ikasema, "niandikie kingine nisome."

Zunilda akafuta maoni ya yule mama wa Encarnación. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika.