Aliyejibu Tatu

Ongom alistaafu upolisi, lakini upolisi wenyewe haukumtoka. Hata akienda sokoni Kamwokya na mkewe Maimunah na binti yao Ayaa, lazima awapange mstari na kupaza sauti, "Hesabu!" Maimunah ajibu "Moja," Ayaa ajibu "Mbili," naye kamanda, ambaye hajihesabu, amalizie, "Sawa, wote tupo." Majirani zao mtaani Ntinda walicheka mpaka wakashika mbavu. Maimunah naye alicheka. Mume ndiye huyo, utamfanyaje?

Basi Jumapili moja wakaenda kutembea msituni, mbele ya Mukono, kwenye njia inayofuata kijito mpaka maporomoko ya maji. Njia nyepesi, jamani, hata bibi kizee angeipita na kandambili zake. Mzee wa geti la msitu aliwapa onyo moja tu.

"Mukifika kwa maji, musiite mutu jina. Maji ya hapa inasikia."

Ongom akacheka. "Mimi siiti majina, ssebo, mzee wangu. Mimi naita namba."

Walitembea kivulini, kijito kikiwasindikiza, Ayaa akiokota maua na kumchomeka mama yake nyweleni. Walipoyaona maporomoko, ukungu wa maji ukawapiga usoni. Ongom alikuwa mbele. Hakugeuka.

"Hesabu!"

"Moja," akasema Maimunah.

"Mbili," akasema Ayaa.

"Tatu."

Ilikuwa sauti ya msichana, nyuma ya Ayaa.

"Sawa, wote tupo," akasema Ongom kwa mazoea, akaendelea na safari.

Maimunah akageuka. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na majani yanayotikisika, na harufu ya matope yaliyooza. Ayaa alikuwa ametumbua macho.

"Mama, nani huyo?"

"Nyamaza. Tembea tu, mwanangu."

Garini Maimunah alimweleza mumewe. Ongom akasema ni mwangwi, na hakutaka kusikia zaidi.

Jioni ile bafu lao likanuka matope. Maimunah alisugua sakafu kwa sabuni, akamwaga dawa, wapi! Kesho yake adhuhuri, shule zikiwa zimefungwa, alikuwa ameketi na Ayaa jikoni wakichagua mchele, ndipo sauti ikatoka bafuni.

"Mama, nimerowa. Nipe tauro."

Ilikuwa sauti ya Ayaa. Na Ayaa yuko pale pale, ungo mapajani, midomo imefumba. Maimunah alijua jambo moja: yeye ni Mnubi wa Bombo aliyekulia Kiswahili, na Kiswahili hicho alimfundisha binti yake mwenyewe, na Ayaa hakuwahi kuchanganya *l* na *r* tangu aanze kusema. Wenzake shuleni ndio aliokuwa akiwacheka kwa hilo.

Sasa, alipoambiwa, Ongom aliamini. Mtu aliyepambana na majambazi wenye bunduki, sasa akawa anaupita mlango wa bafu mbio. Wakampigia simu Sheikh Abdul-Karim, mjomba wake Maimunah, wakamweleza yote.

"Wewe Ongom umemwingiza kwenye hesabu," Sheikh akasema. "Ukasema wote tupo! Sasa ni mtu wa nyumba yako. Ni mdomo wako uleule utakaomtoa. Nitakuja kesho alasiri, muwe mmeoga nyote. Utahesabu, na atakayejibu bila mwili, mfukuze. Baada ya hapo akiita, msijibu. Mkimjibu mara ya pili, hata mimi simuwezi."

Kesho yake Ayaa alikuwa wa mwisho kuoga. Alishika mlango wa bafu, hataki kuingia.

"Mama, usiondoke. Nakuomba."

"Nipo hapahapa, mwanangu. Niende wapi?"

Akasimama. Alisikia maji yakimwagika, na Ayaa akiimba kidogokidogo kujipa moyo. Kisha Sheikh akabisha hodi getini, na Ongom alikuwa uani hasikii, basi Maimunah akakimbia kumfungulia. Aliporudi, maji yalikuwa yamekatika. Ayaa alitoka amejifunika leso, nywele zikichuruzika, hasemi neno. Mkono wake ulikuwa baridi. Woga tu, Maimunah akajiambia, mtoto ameogopa, maskini.

Wakakaa sebuleni. Sheikh akachoma ubani, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya matope ilivyopanda, ikapita juu ya ubani, ikawaingia kooni, na mabomba ya nyumba nzima yakaanza kukoroma chini ya sakafu, na Maimunah akamkumbatia binti yake kwa nguvu, akihisi maji ya zile nywele yakimlowanisha kifuani na kushuka mpaka mapajani bila kukoma, wakati Ongom amesimama wima, jasho linamtoka.

"Hesabu!"

"Moja," Maimunah akanong'ona.

"Mbili" ikatoka mahali pawili kwa pamoja. Mmoja alijibu kifuani pa Maimunah. Mwingine alilia kutoka bafuni, "Baba, mbili! Baba!"

"Anataka nafasi ya mtoto wangu!" Ongom akafoka. "Wewe wa bafuni, toka safuni! Wewe humo kwenye hesabu yangu! Nenda!"

Kule bafuni kukapigwa yowe, kisha kimya. Mabomba yakatulia. Ongom akaanguka magotini, akalia kwa furaha. Sheikh alishukuru Mungu, akakusanya vitu vyake, akawakumbusha mlangoni: akiita, msijibu.

Gari lake lilipoondoka, binti akamlalia mama yake mapajani.

"Mama," akasema taratibu, "nimerowa. Nipe tauro."

Ayaa hasemi tauro; Maimunah akageukia mlango wa bafu. Na mbali, chini kabisa ndani ya bomba, kijisauti kikaita kwa shida.

"Mbili... Mama, mbili..."

"Usijibu!" Ongom akamziba mdomo kwa kiganja. "Sheikh amesema tusijibu!"

Maimunah alijitupa huku na huku, asiweze kujinasua, na yule wa mapajani akamshika mkono, akaupapasa polepole, mpaka kule bombani kukanyamaza.